Siku moja maishani mwangu: kusafisha mafuvu ya ng'ombe jangwani New Mexico

Saa 12 asubuhi. Nafanya kazi katika karakana ndogo karibu na Abiquiú, kaskazini mwa New Mexico, Marekani. Kabla ya chai nakagua mapipa. Mafuvu hulowa humo wiki kadhaa, kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, mpaka mafuta yatoke ndani ya mfupa. Nikiona utando juu, namwaga na kujaza upya. Ukichemsha ili uwahi, mafuta huzama zaidi na mifupa myembamba ya pua hupasuka.

Saa 2. Kung'arisha. Navua magamba ya pembe kwanza, kisha natumia haidrojeni peroksaidi, dawa ya maji ya kung'arisha. Klorini siigusi: huendelea kuula mfupa, na fuvu huishia kumomonyoka kama chaki.

Saa 4. Mfugaji jirani ameleta vichwa viwili. Namuuliza walikufa lini na kwa nini, naandika kwenye kadi itakayouzwa pamoja na fuvu. Utaratibu huu niliuomba mimi. Nimekulia Kajiado, Kenya, na ukame wa 2009 ulitumalizia zizi. Siwezi kuuza kichwa cha ng'ombe kama pambo lisilo na mwenyewe.

Saa 7. Watalii. Karibu wote wanamtaja Georgia O'Keeffe, mchoraji wa Kimarekani, na nafurahi kusimulia. Mwaka 1930, nchi ikiwa imekauka, aliokota mifupa maeneo haya, kisha akaisafirisha New York ndani ya pipa. Mwaka 1931 akachora fuvu la ng'ombe juu ya nyekundu, nyeupe na bluu. Wengi wakaona mauti. Yeye aliona katika mifupa uhai wa jangwa lenyewe, na namwamini, maana jua la hapa huonyesha kila mshono wa fuvu.

Mmoja anauliza kama anaweza kujiokotea kwenye hifadhi ya taifa. Hapana, sheria inakataza.

Saa 11 jioni. Natoa mafuvu kwenye dawa, nasuuza, naanika kivulini.

Saa 3 usiku. Kajiado kumekucha, mama kapiga simu. Nimemweleza habari za kadi. Akasikiliza, kisha akauliza, "Na hao wawili wa leo, walikuwa wa rangi gani?" Kadi haina mstari wa rangi. Kesho nitampigia yule mfugaji. Mtu aliyechunga hasahau.