Ukungu kwenye lenzi ya Mjomba

Juzi mwanangu alinijia na kitabu chake cha shule, kidole kakibandika kwenye picha ya mti wenye majani mekundu. Chini ya picha pameandikwa "vuli".

"Baba, vuli si mvua?"

Nikamwambia ni mvua, zile za Oktoba hadi Desemba, na kwamba huko Ulaya kuna msimu ambao majani hugeuka rangi kisha hupukutika, na waandishi kwa kukosa neno wakaliazima letu. Hakuridhika. Akauliza kama basi huku kwetu hakuna majani mekundu.

Nikambeba, nikamsogeza karibu na fremu iliyo juu ya kabati la vyombo, ambayo amepita chini yake tangu anajifunza kutembea. Lile ni jani la mkungu. Mkungu wetu wa pwani, ambao watoto huponda kungu zake kwa mawe, haungoji baridi. Wakati wake wa kupukutisha ukifika, na mingine hupukutisha mara mbili kwa mwaka, majani yale mapana huanza na njano, yakaingia rangi ya chungwa, yakaishia damu ya mzee. Mti mmoja unaweza kuzibeba rangi zote kwa siku moja. Mpiga picha wa Dar anayetamani majani ya msimu atafute mkungu uliosimama kati yake na mashariki.

Picha ile niliipiga mwisho wa Agosti, kipupwe kinaisha. Nilikuwa nimelala kwa Mjomba, Kigamboni, upande wa Mjimwema. Lenzi ilikuwa yake: Helios 44-2, milimita 58, f/2, aliyorudi nayo kutoka masomoni Urusi ikiwa kwenye kamera ya Zenit. Warusi waliiunda kwa kufuata Biotar ya Carl Zeiss Jena, vioo sita katika makundi manne, na shingo yake hukazwa kama skrubu. Shingo hiyo ndiyo M42: kipenyo milimita 42, na ukiizungusha mzunguko mmoja inaingia milimita 1.

Kuiweka kwenye kamera ya leo ni hesabu ya umbali tu. M42 inataka milimita 45.46 kutoka inapokalia lenzi hadi kwenye filamu. Sony yangu ina milimita 18, kwa hiyo adapta, pete ya kuunganishia, inajaza 27.46 zilizobaki. Wenye kamera za Canon EOS za kioo cha ndani wana 44, nao pia wanaponea, adapta inakuwa kama pete nyembamba. Wa Nikon za kioo wana 46.5, yaani tayari wamepitiliza. Wakiweka adapta isiyo na kioo cha kurekebisha umbali, lenzi itaona vya karibu tu, upeo wa bahari hawataupata. Na hizi adapta za bei nafuu huchongwa fupi kidogo makusudi, ili lenzi isije ikakosa kufika mbali. Matokeo yake, ukizungusha pete mpaka ikome, umepita upeo. Alama ya mbali kabisa usiiamini. Kuza picha kwenye skrini, tazama mstari wa maji, simama hapo ulipo mkali.

Hayo nilikuwa nayajua. Nilichosahau ni kiyoyozi. Begi la kamera lilikuwa limelala wazi chumbani usiku kucha kwenye digrii 18. Saa 11 na nusu alfajiri nikatoka nalo hadi ufukweni, na kabla sijakunjua stendi kioo cha mbele kilikuwa cheupe kama kimepakwa maziwa. Hewa ya pwani ina mvuke mwingi, na kitu chochote kilichopoa kuliko kiwango chake lazima kitoe jasho. Nikafuta. Kikarudi. Nikafuta tena. Kufuta hakusaidii maadamu kioo bado ni cha baridi. Unaeneza chumvi tu. Dawa yake ni kufunga begi zipu yote na kulitoa nje saa nzima kabla ya kupiga, lipate joto polepole likiwa limefungwa. Na lenzi usiifungue kutoka kwenye kamera wakati huo, maana mvuke utaingia hadi kwenye sensa, kile kibao kinachopokea picha badala ya filamu.

Dar iko nyuzi 6 na kitu tu kusini mwa ikweta, jua letu hupanda karibu wima. Kutoka mwanga wa kwanza wa kueleweka hadi jua lenyewe ni kama dakika 21. Asubuhi ile jua lilikuwa la saa 12 na dakika 25 hivi. Nilikuwa nimezipoteza kumi na kidogo nikifuta.

Mjomba alikuja taratibu kutoka nyumbani, kikoi kiunoni, tasbihi mkononi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mjomba. Mbona unaisugua hivyo? Lete."

Nikampa kamera nzima. Akaiviringisha kwenye upindo wa kikoi, akaikumbatia tumboni, akasimama kimya akitazama maji. Mwezi mpevu ulikuwa unazama nyuma yetu. Siku za bamvu, yaani za maji makuu, bahari hujaa kwenye saa 10 alfajiri, kwa hiyo saa ile maji yalikuwa yanakupwa, na nyuma yake yaliacha mchanga uliolowa, unang'aa kama sinia. Nilitumia dakika zile kuzunguka mkungu. Nilichotafuta ni jani moja lililojitenga, usawa wa macho, lenye upande mmoja uliokwisha kuwa mwekundu na mishipa ambayo bado ni ya njano, nyuma yake pawe mbali na patupu. Nililipata upande wa baharini. Mchanga ule uliolowa ulikuwa unarudisha mwanga wa anga hadi tumbo la jani, kwa hiyo sikuhitaji kiakisi.

"Tazama sasa," Mjomba akasema.

Kioo cha mbele kilikuwa kikavu. Nikaelekeza.

Sasa, Helios hii ina pete mbili za tundu, lile linalopitisha mwanga: namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana. Moja ina vituo vinavyosikika, unachagua ukomo wako, mimi niliweka f/4. Nyingine haina vituo: unaifungua hadi f/2 ili uone vizuri ukilenga, kisha unairudisha bila kutazama mpaka igote kwenye ukomo. Kosa la kila mgeni ni kusahau kuirudisha, akapiga zote kwa f/2 akidhani ni f/4, na kamera haitamwambia kitu maana haina habari na lenzi. Ndiyo maana lazima kwanza uiruhusu, kwenye menyu, ipige hata kama inadhani haina lenzi. Nilikuwa nimeanza na wepesi wa sensa wa ISO 400, f/2.8, sehemu 1 ya 60 ya sekunde kwa ajili ya anga. Jua lilipokaribia nikashuka ISO 100, f/4, sehemu 1 ya 250.

Jani lilikuwa sentimita 70 kutoka kwangu. Kwa umbali huo, kwa f/2, kwenye sensa ndogo kama yangu, kinachokuwa kikali ni unene wa sentimita 1 na kidogo. Kwa f/4 ni kama mbili na kidogo. Na umande, upepo ule wa alfajiri, ulikuwa unavuma kutoka bara, mwepesi, jani likisogea na kurudi kama mlango uliolegea bawaba. Grisi ya Kirusi ya miaka ile ilikuwa imekuwa nzito, pete ya fokasi inazunguka kama inazunguka ndani ya asali. Ukiifukuza na jani hutalipata. Nikaiacha pete palepale, nikabana viwiko mbavuni, nikawa ninasogea mwenyewe, mbele nyuma, mbele nyuma, sentimita mbili tatu, nikingoja mshipa wa katikati uwake kwenye skrini iliyokuzwa. Ile mistari ya rangi ambayo kamera huchora kuonyesha palipo pakali niliizima. Mwanga ukiwa nyuma ya kitu inachora kila ukingo, hata usio mkali.

Kisha jua likatoka. Lilitoka nyuma ya jani hasa, ukingo wake mwembamba juu ya maji, na jani likawaka lote. Mishipa ikageuka kuwa nyuzi za dhahabu, nyama ya jani ikawa damu ya mzee iliyotiwa taa. Kuzunguka jani pakawa na weupe laini, kama pumzi, unaoingia kwenye sehemu za giza bila kuziua. Ngalawa mbili zilizokuwa mbali zilivimba zikawa vivuli vya mviringo. Sikupumua. Nikapiga saba mfululizo. Jani likageuka ubavu, jua likapanda, mwanga ukawa mweupe na mkali. Nadhani yote yalichukua chini ya dakika moja.

Kati ya zile saba, sita zilikuwa zimekosa mshipa kwa milimita chache. Ya tano ndiyo iliyo ukutani.

Usiku nikamwonyesha Mjomba kwenye kompyuta. Aliitazama muda mrefu. Nikamwuliza ule weupe umetoka wapi, maana kioo kilikuwa kikavu.

"Huo ni ukungu," akasema. "Wa ndani."

Akachukua tochi ya simu, akaiweka kitako cha lenzi, akaiinamisha kidogo. Hapo ndipo nilipouona: nyuzi nyuzi nyeupe, zimetawanyika kama mizizi ya nyasi, kwenye kioo kilicho jirani na bapa za tundu. Lugha yetu inatumia neno hilohilo kwa kuvu la mkate, kwa mvuke wa alfajiri na kwa weupe wa kwanza wa mashariki, na usiku ule vyote vitatu vilikuwa mezani. Nyuzi zile hutawanya mwanga. Jua likiwa mgongoni mwako huzioni, picha inapauka kidogo tu. Jua likiwa mbele, kila uzi unamwaga nuru yake pembeni.

"Usiifungue, mjomba," akaniambia alipokuwa ananipa. Hakueleza.

Niliifungua. Sikukurupuka, nilikaa nayo miaka miwili. Lakini kuvu halikai lilipo. Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 60 au 70, na Dar tunaishi juu ya hapo, linaota, na tindikali yake inakula rangi ile nyembamba iliyopakwa kwenye kioo, kisha kioo chenyewe. Likishakula hakuna fundi wa kurudisha. Nilipoona nyuzi zimefika ukingoni nikaamua.

Nilitumia haidrojeni peroksidi ya asilimia 3 na amonia ya kusafishia nyumba, nusu kwa nusu, glavu mikononi, madirisha wazi. Pamba iliyolowa, dakika chache juu ya kioo, kisha spiriti na kitambaa cha miwani. Bapa za tundu, nane, zilikuwa na mafuta. Zilitaka petroli ya kiberiti. Spana ya kufungulia pete niliiazima kwa fundi saa. Nilipofika kwenye nyuzi za skrubu za pete ya fokasi nilipiga alama kwa sindano pale hasa zilipoachana, kwa sababu zina milango kadhaa ya kuingilia, na ukizirudisha mlango usio wake lenzi haitafika mbali tena. Ilirudi vizuri. Kilibaki kijidoa kama punje ya dengu, pale palipokwisha kuliwa.

Lenzi sasa ni kali kuliko nilivyowahi kuijua. Weusi ni weusi. Inakaa kwenye kontena la mfuniko wa mpira na silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, kipimo kinasoma asilimia 45, silika ikibadilika rangi naikausha kwenye oveni. Na nimerudi kwenye mkungu ule asubuhi nyingi, bamvu kwa bamvu, umbali uleule, f/4 ileile. Jani linawaka. Ile pumzi kando ya jani haipo.

Mjomba nilimpelekea aione. Aliielekeza kwenye taa ya barazani, akachungulia, akaizungusha pete ya fokasi ambayo sasa inateleza kwa kidole kimoja.

"Imekuwa mpya," akasema, akanirudishia.

Mwanangu alisikiliza mpaka hapo, akauliza kama ukungu unaweza kurudi. Nikamwonyesha mfuko wa nailoni ulio kwenye rafu ya chini, mbali na lenzi nyingine ili usiambukize. Ndani kuna Helios ya pili, niliipata Kariakoo kwa mtu anayeuza redio za zamani. Ukiimulika kwa kitako unaona nyuzi tatu, fupi, zimeanza karibu na bapa. Chupa ya peroksidi ninayo, ya amonia ninayo. Akaimulika mwenyewe, akazihesabu, akaniuliza nitaifungua lini.

Nikamwambia Jumamosi mwezi utakuwa mpevu, twende nayo kwanza kama ilivyo.