Siku moja na polisi wa barabarani, Lubumbashi

Saa 11 alfajiri. Kampemba bado giza, na vumbi la mwezi wa nane limeshaingia mpaka kwenye sufuria. Nakunywa chai huku nakagua mzigo: kamba, filimbi, nusu gunia la chokaa, na vibao vya rangi ya machungwa nilivyovichora mwenyewe. Zamani nilikuwa mkaguzi wa usalama mgodini. Siku hizi nafundisha polisi la kufanya lori la kemikali linapopinduka.

Saa 2 asubuhi. Darasani, mbele ya polisi, nainua kibao kama kile kinachobandikwa kwenye lori la kemikali: juu 80, chini 1830. Namba ya juu ni kitu kinachounguza ngozi, ya chini ni asidi ya salfa. Malori yake yanaingia kutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, yanapita kwetu kwenda Likasi na Kolwezi, kwa sababu migodi inaitumia kutoa shaba na kobalti kwenye mawe. Hakuna humu ambaye hajawahi kusimamisha lori la namna hiyo. Kudai karatasi wanajua sana. Namba hizi, wachache.

Nawakumbusha Februari 2019, barabara ya Kolwezi: lori la asidi liligongana na basi, wakafa watu wapatao 20. Hapo simu zinarudi mifukoni.

Saa 4. Zoezi uani. Lori bovu, maji ya sabuni chini yake, na vijana wa jirani wakiwa na mabido (madumu) ya njano, maana watu wakiona kitu kinamwagika hukimbilia kuteka. Sange, Kivu ya Kusini, Julai 2010, lori la mafuta lililipuka na kuua zaidi ya watu 200, baadhi yao wakiwa wamelizunguka.

Kaporali mmoja, kijana mwenye mwili, anakwenda mbio moja kwa moja kumvuta dereva. Nampigia filimbi: "Papa, wewe umeshakufa. Kaa pale." Anakaa kwenye tofali, amenuna. Namuelewa, polisi amefundishwa kusonga mbele, mimi namwambia asimame mita 50, upande unakotoka upepo, kwanza asome kibao.

Aliyenifurahisha ni mama mmoja mwenye cheo cha adjuda, mfupi, sauti kama tarumbeta. Hakugusa lori. Alifunga kamba kutoka mti hadi mti, akawageukia vijana: "Batoto, murudie nyuma! Ile haiko maji, haiko mafuta!" Wakarudi kweli, mpaka wengine wakasahau kwamba ni mchezo.

Saa 7. Chakula: bukari (ugali), sombe (kisamvu) na kapenta (dagaa). Kaporali bado hasemi nami.

Saa 8 mchana. Ubishi wa maji. Nimesema aliyemwagikiwa avuliwe nguo na amwagiwe maji mengi, dakika 20 au zaidi, bila kukatiza. Kisha nimesema asidi iliyo barabarani isirushiwe maji, kwa kuwa maji kidogo huichemsha na kuirusha usoni. "Sasa maji ni dawa au ni sumu?" Ni suala la wingi. Mengi yanabeba joto na kulipeleka mbali, kidogo yanalizidisha. Barabarani ni mchanga, halafu chokaa, na kazi hiyo ni ya wenye mavazi ya kujikinga. Tena hakuna kuvuta sigara: asidi ikikutana na chuma hutoa haidrojeni, nayo inawaka.

Kaporali ndipo anafungua mdomo: "Mama, dereva amebanwa, anaita. Nimwache?"

Akiweza kutembea, mwite aje kwako, upande wa upepo. Akibanwa ndani ya asidi na wewe una viatu vya kitambaa, utamngoja mwenye mavazi. Sina jibu tamu zaidi. Glavu na barakoa za kazi hii hawajapewa, na anayewapangia bajeti hajawahi kukaa darasani kwangu.

Saa 11 jioni. Mama adjuda anaomba kibao kimoja akitundike kwenye kizuizi anachosimamia, barabara ya Kasumbalesa. Nampa. Mara wote wanataka, kaporali akiwa wa kwanza kunyoosha mkono. Vibao vimeisha, na rangi nayo. Napitia soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, muuza rangi ananitajia bei ya mgeni. Tunabishana mpaka anashusha.