Maji baridi kwa mashine ya mjomba

Mashine ya boti ya mjomba imerudi leo ikisumbua. Inawaka vizuri, inasukuma boti kama kawaida, kisha mbele kidogo inapungua nguvu na kuzima. Pale ufukweni Mikindani kila mtu alikuwa na jibu lake: plagi, kabureta, petroli imechakachuliwa. Mimi nilimuuliza mjomba jambo moja tu: ilipozima, kile kipira cha kubonyeza kwenye mpira wa mafuta kilikuwaje? Akasema, "Kilikuwa kimenywea kabisa, mwanangu."

Jibu hilo lilitupunguzia kazi. Kipira kikinywea, ina maana mashine inavuta mafuta na mafuta hayaji, kwa hiyo kizuizi kiko upande wa tangi. Tukaanza na kipumulio cha kifuniko, maana kikifungwa hewa haiingii na petroli haitoki. Kilikuwa wazi. Tukachomoa bomba la kuvutia lililomo ndani ya tangi, na hapo tukaliona tatizo: kichujio cha mwishoni kimezibwa na kutu na mchanga laini. Kama kipira kingekuwa kinalegea bila kujaa, ningetafuta mahali mpira unapovuta hewa. Inaniuma kuona mashine ikizima kitu cha kwanza kufunguliwa ni kabureta, tena kwa bisibisi isiyolingana na skrubu, wakati uchafu umekaa ndani ya tangi.

Petroli yenyewe tuliimimina kwenye chupa nyeupe na kuiacha itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, yangekuwepo yangejitenga chini. Hayakuwepo. Mchanganyiko wa mjomba sina wasiwasi nao: mashine yake ni ya mipigo miwili, na kwa kipimo cha 50 kwa 1 lita 25 za petroli huingia nusu lita ya oili. Hapimi kwa macho hata siku moja.

Tunachobishana kila mara ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Mimi nataka mashine ikirudi baharini ikalishwe kwenye pipa la maji baridi, iungurume dakika kumi hivi. Shangazi anayaona yale maji na moyo unamuuma, maana ndoo ni ya kununua na kubeba. Namwelewa kabisa. Lakini maji ya bahari ndiyo yanayoipoza mashine, na yakikaukia ndani huacha chumvi. Chumvi hiyo hujijenga kidogo kidogo mpaka njia za kupozea zinaziba, na mashine inaungua ikiwa katikati ya bahari. Ndiyo sababu kila ikiwashwa tunaangalia kwanza kama inakojoa, yaani inatoa mchirizi wa maji ya kupozea. Ule mchirizi ukiwa dhaifu au ukikatika, zima hapo hapo, uangalie njia zake na ile pangaboi ya mpira iliyomo ndani ya pampu ya maji. Mpira huo ukizungushwa mkavu huharibika upesi sana.

Nang'ang'ania haya kwa sababu ya watu wanaopanda. Kusi likivuma, nje ya ghuba bahari huchafuka, na boti iliyozimikiwa hugeuka ubavu kwa mawimbi. Ndani yake yumo mjomba na vijana wake, na wapo abiria wanaomwomba awavushe.

Shangazi amekubali pipa moja, na maji yake yatatumika zaidi ya mara moja kabla ya kumwagwa. Kwangu hilo linatosha. Kile kipande cha zinki kinacholiwa na chumvi badala ya mwili wa mashine kimebaki chembamba, kitabadilishwa wiki hii, na nimewakataza vijana wasikipake rangi, kwani kikipakwa hakifanyi kazi.

Kesho ni zamu ya oili ya gia. Nitalegeza skrubu ya chini nione inatokaje. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia na sili zimechoka, na mjomba hatatoka mpaka zibadilishwe, hata nje huko samaki wawe wamejaa.