Shina la kubebeshea machungwa kwenye udongo wa chumvi

Huku Magu na Misungwi, mkoani Mwanza, shamba moja huanza na luseni, udongo wa kichanga, juu ya mteremko na kuishia kwenye ibambasi, ule udongo mgumu wenye magadi karibu na mbuga. Kwenye luseni mlimau mkali (rough lemon), ukiwa shina la chini, hubeba vizuri chungwa lililobebeshwa juu yake. Kule chini ndiko nilikobadili mashina.

Kwanza napima. Nachukua udongo wa sentimita 0 hadi 30 na wa 30 hadi 60, nauanika, nachanganya sehemu 1 na maji ya mvua sehemu 5, natikisa, unatuama, natumbukiza kipima chumvi. Kwa udongo wa tifutifu namba ninayoisoma naizidisha mara 10 hivi ili nilinganishe na vipimo vya maabara. Mavuno ya mchungwa huanza kupungua chumvi ikizidi takribani desisimensi 1.7 kwa mita kwa kipimo hicho cha maabara.

Kloridi, sehemu mojawapo ya chumvi, ndiyo inayounguza ncha za majani ya zamani hadi yapukutike. Mchenza wa Cleopatra na ndimu ya Rangpur huizuia isipande majanini. Mchungwa wa majani matatu na chotara wake Carrizo huipitisha, na mlimau mkali hauzuii vya kutosha. Mdanzi hustahimili kiasi, lakini chungwa na chenza siviweki juu yake kamwe: virusi vya tristeza, vinavyoenezwa na vidukari, huua mti kuanzia pale ulipobebeshwa.

Mimi napendelea Rangpur. Huzaa mapema na huvumilia kiangazi cha Juni hadi Septemba, wakati Cleopatra huchelewa. Ila Rangpur hudhuriwa sana na ugonjwa wa exocortis, unaobambua gome la shina na kuhamia kwa kikonyo (kijiti cha kubebeshea) na kisu. Basi macho (vichipukizi vya kubebeshea) nayatoa kwenye mti uliothibitishwa kuwa hauna ugonjwa, na kisu nakichovya kwenye jiki sehemu 1 kwa maji 4 kila ninapobadili mti. Jicho naliweka sentimita 25 juu ya udongo, shina likifikia unene wa penseli. Mbegu za mashina zisikauke, zipandwe mbichi, na miche yenye umbo tofauti na wenzake ing'olewe.

Shina peke yake halitoshi. Maji ya Ziwa Victoria yana chumvi kidogo mno, hivyo namwagilia nayo taratibu na kwa wingi ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Maji ya kisima chenye chumvi yasirushiwe majani, kwani jani lenyewe hufyonza kloridi. Mbolea ya potasiamu natumia ya salfeti, si ya kloridi. Pale ambapo magadi yamefunga udongo naweka jasi na kupanda kwenye tuta, maana hata Rangpur huoza mizizi maji yakisimama.