Tuticorin mlifika?

Baba yangu hajawahi kupanda ndege, lakini mtu yeyote akirudi kutoka nje ya nchi anamuuliza swali moja tu: "Tuticorin ulifika?" Kaka yangu alirudi Dubai, akaulizwa. Jirani alirudi hijja, hata dumu la zamzam halijafunguliwa, akaulizwa. Wengi wanajibu "hapana mzee" huku wanajiuliza Tuticorin ni dawa au ni mtu.

Ni bandari. Iko kusini kabisa mwa India, jimbo la Tamil Nadu, na siku hizi jina lake rasmi ni Thoothukudi. Baba aliijulia kwenye brashi. Alikaa kwenye mizani ya maghala ya korosho hapa Mtwara zaidi ya miaka 20, na msimu ukichanganya alisaidia kuandika magunia. Unalaza bati lililotobolewa herufi juu ya gunia la kilo 80, unapitisha brashi yenye rangi nyeusi, unainua bati, basi: TUTICORIN. Mengine yalikuwa COCHIN, lakini Cochin haikumkaa moyoni, sijui kwa nini. Bati moja lilipopinda alikuja nalo nyumbani, na mdogo wangu akaandika TUTICORIN kwenye ukuta wa choo kabla hajaweza kuandika jina lake. Alichapwa, ila zile fimbo hazikuwa na nia.

Kilichokuwa kinamchekesha baba ni magunia yenyewe. Yale ya juti yalikuwa yanaletwa kutoka Bangladesh, yakiwa matupu. Yanashushwa Mtwara, yanashiba, yanarudi Asia. "Gunia limetembea kuliko mimi," anasema mpaka leo.

Safari zetu sisi zilikuwa ni kwenda Dar kwa shangazi. Waliozaliwa juzi wanapanda basi alfajiri na jioni wako Mbagala, hawawezi kuelewa. Mwaka 1996, nikiwa na miaka tisa, tulilala siku mbili Ndundu tukisubiri pantoni ya kuvuka Rufiji, maana daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa 2003. Siku ya pili chakula kiliisha. Mama akafungua mfuko wa korosho tuliokuwa tunampelekea shangazi, akatugawia kwa kuhesabu, kumi kumi. Shangazi alipelekewa mfuko mtupu na maelezo. Masika ndiyo usiseme, Kusini ilikuwa kisiwa. Kwa hiyo mtu akiniuliza nimetembea wapi utotoni, najibu Ndundu.

Asia nilikanyaga mara ya kwanza Februari 2019, na sikwenda kutalii. Nilimpeleka mama Chennai, jimbo lile lile la Tamil Nadu, kwa matibabu. Ugonjwa wenyewe siutaji, mwenyewe hapendi. Ukoo ulichanga kwenye grupu la WhatsApp, kaka akauza pikipiki, tukaondoka kwa siku 23.

Vituko vilianzia uwanja wa ndege. Pale uhamiaji unaweka vidole kwenye mashine. Mimi vikasoma mara moja. Mama akaweka, mashine ikakataa. Akaweka tena, ikakataa. Yule dada wa dirishani akampa kitambaa afute, akambonyezea vidole yeye mwenyewe kimoja kimoja, wapi. Mama amebangua korosho tangu akiwa msichana: unazichoma kwenye bati nyuma ya nyumba, zinatema mafuta, unazigonga moja moja zikiwa bado na moto. Mafuta ya ganda yanaunguza kama tindikali, na ncha za vidole vyake zimekuwa laini kama kijiko. Dada wa watu akamgeuza mkono, akauangalia kiganja muda mrefu, kisha akagonga muhuri. Tulipotoka mama akaniambia, "Umeona? Korosho zinanidai mpaka huku."

Halafu likaja suala la saa. India wametuzidi saa mbili na nusu, na hiyo nusu mama aliikataa katakata. "Nchi gani inakata saa katikati?" Na kibla nacho kilihama. Mtwara tunaelekea kaskazini moja kwa moja, kule ikawa magharibi, yaani kwenye kabati la nguo la gesti. Siku za mwanzo alikuwa anaswali amekaa kwenye kiti, analitazama kabati, na akimaliza ananiuliza kama nina uhakika.

Hospitali ilikwenda salama, alhamdulillah. Wiki ya pili akaruhusiwa kutembea asubuhi, na asubuhi ya kwanza tu tukakutana na yule mama wa vitumbua.

Alikuwa pembeni ya barabara, mtaa wa nyuma ya gesti yetu, jiko lake la gesi juu ya meza ndogo. Juu ya jiko, chuma cha vitumbua. Sisemi kinafanana na chuma cha vitumbua. Ni chenyewe: cheusi, mashimo saba, moja katikati na sita kuzunguka, kimekula moto mpaka kinang'aa. Mama alisimama kama aliyeona ndugu. Yule mwanamke alikuwa na maua ya asumini kwenye nywele, kama wanawake wa kwetu siku ya harusi, ila yeye alikuwa kazini tu. Anatia mafuta tone tone, anamimina uji, anasubiri pembeni kukauke, kisha anageuza kwa kijiti chembamba, anazungusha, tup. Mama anageuza kwa sindano ya mwavuli, lakini mkono ni ule ule, kile kifundo kinavyozunguka. Wakaangaliana. Hakuna lugha. Mama akanyoosha mkono, yule mwanamke bila kuuliza akampa kijiti, na mama, ambaye daktari alimkataza kuinama, akainama akageuza vyote saba bila kuchana hata kimoja.

Vinaitwa paniyaram. Unga wake ni mchele na choroko nyeusi, unalazwa mpaka uchachuke. Tulivyovila vilikuwa na pilipili mbichi, mbegu za haradali na majani fulani yanayonukia mchuzi. Mama alitafuna kwa adabu, akameza, akasema kwa Kiswahili huku anatabasamu: "Kitumbua cha chumvi, Mungu atunusuru." Kesho yake tukapewa vyenye sukari guru, hapo ndipo walipopatana. Tuliondoka Chennai mama anadaiwa rupia thelathini, na yule mwanamke akakataa kuzipokea.

Mengine nayapitia haraka. Bajaji: zimejaa, za njano, na mama akagundua kumbe huko ndiko kwao. Mahekalu tuliyaona kwa nje. Joto la Februari ni la kwetu kabisa. Kahawa wanakupa kwenye kikombe cha chuma ndani ya kibakuli cha chuma, unaimwaga huku na kule ipoe, na mimi nikaimwagia gauni. Korosho wanaziita munthiri. Dukani zimepangwa kwa namba, W240, W320, maana yake ratili moja inaingia punje takribani ngapi, namba ikiwa ndogo punje ni kubwa. Mama alionja W240 akamuuliza muuzaji zimetoka wapi. Akajibu Panruti, mji wa huko huko Tamil Nadu unaolima korosho. Mama akanigeukia: "Anadanganya, hii ya Newala." Sikutafsiri.

Ufukwe wa Marina ni mrefu, na jioni mji mzima unahamia pale. Tulinunua dengu zilizochemshwa zikachanganywa na nazi na embe bichi, tukakaa mchangani. Mama alisema ingekuwepo ming'oko, ile mizizi ya porini ya kwetu, na chumvi hapo pangekamilika. Kisha akanyamaza, akawa anaitazama bahari vile mtu anavyotazama barabara anayokuja mgeni wake. Nikamuuliza vipi. "Nawatazama wa nyumbani. Baba yako saa hizi yuko barazani."

Nikaona nimwambie. Chennai inatazama mashariki kama sisi, jua linatokea baharini kama Shangani. "Mama, Mtwara iko mgongoni."

Akageuka taratibu, kwa sababu ya mshono. Nyuma yetu kulikuwa na barabara, magari yanapiga honi, na ghorofa moja ya rangi ya pinki. Aliitazama hiyo ghorofa muda ule ule aliokuwa ameitazama bahari.

Tuticorin hatukufika. Ningeweza kusema hatukuwa na muda, lakini tulikuwa na siku nne za ziada. Treni ya usiku ipo, inaondoka Chennai jioni na asubuhi uko pale. Nilikwenda kuulizia, nikaambiwa imejaa, tukaandikwa orodha ya kusubiri, namba ya arobaini na kitu. Haikupungua vya kutosha. Na daktari alivyosikia mgonjwa wake anataka kukaa kwenye treni usiku kucha, uso wake ulitosha kuwa jibu.

Tulifika nyumbani saa nne usiku. Baba alimpokea mama mkoba, akamuuliza hali, akamshukuru Mungu kwa sauti, akatuacha tunywe maji. Mimi nilikuwa nahesabu. Sidhani zilipita dakika tano.

"Hatukufika, baba."

"Basi India bado," akasema, akaenda kufunga mlango wa uani.

Tangu hapo kila mtu nyumbani ana mahali pake anapotamani kufika. Walioanzisha ni watoto, baada ya Desemba 2022 tulipokodi gari na familia yote kwenda Kilwa. Tulivuka kwenda Kisiwani kwa mashua, mdogo akatapika, tukazungushwa msikiti mkuu wenye kuba na jumba la kale la Husuni Kubwa lenye lile dimbwi la pembe nane. Ufukweni binti yangu aliokota kipande cha kauri, cheupe chenye mstari wa buluu. Mwongozaji akamwambia hizo ni sahani za Kichina za miaka mia kadhaa iliyopita, tena rudisha hapo hapo. Alirudisha kwa machozi. Kumfariji, mwongozaji akamwambia kwamba sarafu za shaba za Kilwa ziliokotwa Australia mwaka 1944. Nilidhani ni hadithi ya kumnyamazisha mtoto, nikatafuta usiku ule: kweli, mwanajeshi aliziokota tano kwenye kisiwa cha Marchinbar, kaskazini kabisa, na mpaka leo wataalamu hawajakubaliana zilifikaje. Binti kaandika Marchinbar kwenye daftari. Si Sydney, wala kangaruu. Marchinbar.

Baba yeye alimng'ang'ania Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa 1331. Akanituma nisome kwenye simu alikwenda wapi baadaye. Nikamsomea: Delhi, akawa kadhi, Maldives, akawa kadhi tena, pwani ya kusini mwa India, mpaka Madurai. Baba akaniomba ramani. Akapima kwa kidole kutoka Madurai kwenda Tuticorin, akaona ni karibu. "Huyu atakuwa alifika," akasema, na tangu siku hiyo anamtaja kama mtu waliyefanya naye kazi.

Mwanangu wa kiume anataka Berlin, kwa sababu ya mjusi mkubwa, yaani dinosaria. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, hapo Lindi, kati ya 1909 na 1913, ikabebwa kichwani na mabegani na wapagazi mpaka bandarini, na leo amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho huko, kimo cha mita 13.27. Mtoto anataka aende kumwona, amsalimie kwa Kiswahili. Nilimwambia mjusi hajui Kiswahili, alikufa zamani mno. Akanijibu Kijerumani je, ndiyo anakijua?

Mjomba wangu wa Tandahimba naye anataka Goa, huko huko India, na nia yake siyo njema. Kwetu pombe ya mabibo ni uraka. Goa, ambako Wareno walikaa mpaka 1961 na ndio walioleta mkorosho kutoka Brazili, kinywaji cha kwanza wanachokeneka kutokana na mabibo wanakiita urrak, na wakikikeneka tena kinakuwa feni. Nilifanya kosa la kumsimulia. Sasa kila msimu wa mabibo ananipigia simu kuuliza nauli, na sauti yake inaonyesha utafiti umeshaanza bila ndege.

Mimi mwenyewe? Mimi nataka kurudi mtaa ule wa nyuma ya gesti nikalipe rupia thelathini.

Mwezi uliopita kaka alipiga simu, akasema mwaka huu mzee asafirishwe, tusingoje mpaka miguu ikatae. Mimi nina duka la fotokopi na picha za pasipoti karibu na stendi. Nimepiga picha za nusu ya watu wa Mtwara waliotoka nje ya nchi. Baba alikuja asubuhi, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, kofia ya lasi kichwani. Nikamwambia kofia avue kidogo. Hakupenda. Akaivua, akaishika magotini kwa mikono miwili, chini ya pale kamera inapokata.

Nilitoa picha nne, nikazikata, nikamkabidhi. Alizitazama kwa karibu, akazitazama kwa mbali.

"Shilingi ngapi?"

"Aa, baba, bure."

"Ndiyo maana duka halikui," akasema, akaweka elfu tano mezani na kungojea chenji.