Sikio Langu la Kushoto

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeipitisha kwa sikio moja. La kushoto liliziba Jumapili jioni baada ya kuoga, na kosa ni langu: kila asubuhi nilikuwa nalichokonoa kwa kijiti cha pamba nikidhani ni usafi. Muuguzi alipolimulika, alicheka. Akasema nta ya sikio si uchafu. Hunasa vumbi, kisha hujitoa yenyewe polepole. Mimi nilikuwa naisindilia ndani kuelekea kwenye ngoma ya sikio. Akanipa dawa ya kuilainisha, nirudi Alhamisi.

Basi nikakaa kusoma habari za sikio. Sauti hutikisa ngoma, nayo hutikisa vifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, kama milimita 3 hivi, hakifikii punje ya mchele. Hicho husukuma maji yaliyomo kwenye kijumba kilichojiviringa kama konokono, na humo vijinywele visivyoonekana kwa macho hupokea mtikiso na kuupitisha kwenye neva hadi kwenye ubongo. Vikifa havioti tena. (Vijana wa vyombo, punguzeni spika, nimeshalisema hata kikaoni.) "Aliyelitia sikio mahali pake asisikie?" Zaburi 94:9 naijua tangu utoto, ila safari hii ilinisimamisha.

Lakini kilichonichoma ni kingine. Sikio likiziba, sauti za wenzako hufifia, ya kwako hukua. Hupita kwenye mifupa ya kichwa, ikikosa pa kutokea huvuma humo humo. Jumanne niliongoza maombi jumuiyani nikajisikia kama naombea ndani ya pipa. Mke wangu akaninong'oneza jambo, sikuambulia kitu.

Hapo nikamkumbuka dada mmoja. Mwezi uliopita alianza kutueleza ya nyumbani kwake. Hajafika katikati, nikamkata kwa Warumi 8:28, kwamba katika mambo yote Mungu huwapatia mema wampendao. Akasema, "Amina, mzee," akanyamaza. Nami nikarudi nyumbani nikijiona nimehudumu!

Wapendwa, sisi tuliookoka zamani, ambao mistari imetujaa kichwani, ndio tulio hatarini. Neno tulilopewa litulinde tunalisindilia hadi linatuziba. Mtu analia mbele yetu, sisi tunasikia mahubiri yetu wenyewe. Mithali 18:13 haikuandikiwa watu wa mataifa peke yao: "Yeye ajibuye kabla hajasikia, ni upumbavu na aibu kwake." Wazee wa kanisa, mama zangu wa maombi, wazazi wenye vijana wasiotuambia tena chochote, tujiulize walinyamaza lini. Hata kwa Bwana tunafanya hivyo hivyo: tunamwaga haja zetu, Amina, tumeshasimama kutafuta viatu. Samweli alisema, "Nena," akatulia.

Alhamisi muuguzi alinisukumia maji ya uvuguvugu kwa bomba, nimeshika bakuli chini ya shavu. Kikatoka kidonge cha kahawia, ukubwa wa harage. Nikiwa natoka koridoni nilishtuka kusikia kandambili zangu zikipiga sakafu.

Jana nilikwenda kwa yule dada. Akamimina chai, akaanza upya tangu mwanzo. Mistari ilinijia mdomoni, minne au mitano. Nikanywa chai.