Gazeti Juu ya Snea

Mwaka 1998 nilikuwa napiga dramu kwenye bendi ya dansi Kinondoni, na kazi yangu ilikuwa moja tu: sebene likifika, ukumbi mzima uinuke. Ndipo nikaitwa kupiga deiwaka katika hoteli moja ya ufukweni, mpiga dramu wao alikuwa kalazwa kwa malaria. Wale walipiga jazi ya Wamarekani weusi, si hii tuliyoizoea kwenye majina ya bendi zetu, Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz.

Kiongozi wao alikuwa mzee wa saksafoni. Tulipomaliza nyimbo za mwanzo aliniinamia. "Mwanangu, watu wanakula. Weka vijiti chini." Akatoa brashi mbili za nyaya kwenye sanduku lake la saksafoni.

Nikapitisha brashi kwenye snea, ile dramu ndogo iliyo mbele ya mpigaji. Kimya. Ngozi yake ilikuwa ya plastiki laini inayong'aa, na brashi hutaka ngozi yenye ukakasi ili nyaya zikwaruze. Mzee hakubabaika. Alichukua gazeti la jana mapokezi, akalikunja, akalibandika juu ya snea kwa plasta. "Wa kushoto unakoroga uji, usiunyanyue. Wa kulia ndio unaosema."

Tukaingia wimbo wa taratibu. Mkono wa kushoto ukawa unazunguka, shhh, shhh, bila kuachia karatasi. Wa kulia ukigusa na kuondoka. Mguu wa kushoto ukifunga haihati, yale matoazi mawili ya kukanyaga, kwenye pigo la pili na la nne. Dramu kubwa aliniruhusu kuigusa kidogo mno, mguu wenyewe ndio ujue kwamba nimepiga. Mabega yaliniuma kuliko mkesha wowote wa dansi. Lakini nilimsikia mpiga besi, noti kwa noti, na nilisikia vidole vyake vikihama kwenye nyuzi. Miaka yote ile nilikuwa nimelifuata gitaa la solo tu. Furaha niliyoipata pale siwezi kuieleza kwa maneno.

Wakati wa mapumziko, nyuma ya jiko, mzee alinisimulia habari za Kenny Clarke, mpiga dramu wa jazi aliyeutoa mwendo wa wimbo kwenye dramu kubwa akaupeleka kwenye toazi, New York, mwanzoni mwa miaka ya 1940. Mguu ukawa huru kuchomekea maneno yake. Akanitajia na Max Roach, mpiga dramu mwingine wa jazi, ambaye pamoja na ukubwa wake wote jukwaani alikuja kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Massachusetts. Hilo ndilo lililonikaa. Mtaani kwetu mpiga dramu alihesabiwa mtu wa ulevi na mikesha, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kazi hii inafundishika darasani, na kwamba mtu anaweza kuzeeka nayo kwa heshima.

Siku hizi usiku napiga, mchana nafundisha. Seti ya dramu ni moja na watoto ni wengi, kwa hiyo wanaoanza nawapa brashi na boksi la katoni. Boksi lina ukakasi wa kutosha, na darasa zima hupiga pamoja bila mmoja kumfunika mwenzake. Huku mikono inafanya kazi, wanaimba wimbo wanaoujua. Anayeshindwa kusikia sauti yake mwenyewe anapunguza mkono.

Juzi baba mmoja alikuja kuniuliza mwanawe ataanza lini kupiga dramu za kweli. Nikamkaribisha kwenye benchi, karibu na mtoto, nikampa na yeye boksi. Alikaa mpaka kipindi kikaisha.